Gramu na Gunia: Segese Kati ya Masoko ya Majirani

Segese iko katika Halmashauri ya Msalala, Wilaya ya Kahama, kaskazini mwa mji wa Kahama, upande wa kuelekea Bulyanhulu na Geita. Ardhi ya huku huzaa vitu viwili vinavyowaleta wageni. Kimoja kinatoka chini, kwenye maduara ambayo vijana hushuka kwa kamba wakiwa na tochi kichwani. Kingine kinaota juu, kwenye majaruba yanayojaa maji ya mvua kila masika. Dhahabu hupimwa kwa gramu na pointi, mchele kwa kilo na gunia.

Mwenye gramu mia moja za dhahabu anaweza kuzitia kwenye mfuko wa shati, akapanda basi na kuvuka mpaka bila mtu yeyote kugeuka kumtazama. Mwenye magunia mia moja ya mchele anahitaji lori, dereva, utingo, makuli, turubai, cheti cha uasili na geti lililo wazi. Hapo ndipo historia ya biashara kati ya ukanda huu na nchi jirani inapoanza kueleweka. Ushirikiano wa kikanda ukivunjika, gunia ndilo linalokwama. Gramu huendelea na safari yake kwa njia za panya, na inayopoteza ni hazina ya taifa.

Biashara yenyewe ni ya kale kuliko mipaka. Karne ya 19, jembe la chuma lililofuliwa na Warongo wa upande wa Geita lilikuwa fedha na zana kwa wakati mmoja: lililimia shamba na lilitolea mahari. Misafara ya Wanyamwezi na Wasumbwa ilipita huku ikibeba chumvi ya Uvinza, pembe za ndovu, nguo na shaba. Kahama na Bukombe za leo zimo ndani au kando ya nchi ya Wasumbwa, na ni huko alikotoka mfanyabiashara aliyekwenda mbali kuliko wote. Baba yake, Kalasa, alikuwa akifuata shaba Katanga. Mwana akafuata nyayo, akahamia kabisa, akajenga makao Bunkeya, na kwa biashara ya shaba, pembe na watumwa akawa mfalme wa nchi kubwa iliyojulikana kama Garenganze. Jina lake ni Msiri. Aliuawa Desemba 1891 na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, waliokuwa wakiitafutia Katanga bendera ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wazao wa watu wake, Wayeke, wako Katanga hadi leo.

Wakoloni walikuja na mipaka, kisha wakaja na reli. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, ikapita Isaka, kituo kilicho ndani ya Msalala hiyo hiyo. Kwa miaka mingi Isaka ilikuwa kituo cha kawaida tu, lakini iko mahali pazuri: ni sehemu ambapo mtu anayetoka Kigali au Bujumbura kwa barabara anaweza kukutana na reli ya Dar es Salaam. Jambo hilo lilikuja kuwa na thamani kubwa baadaye.

Juni 6, 1967, mjini Kampala, Julius Nyerere, Jomo Kenyatta na Milton Obote walitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kazi Desemba 1 mwaka huo. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na shirika moja la reli, moja la ndege, moja la bandari na moja la posta. Mkulima wa pamba wa Usukuma hakuhitaji kujua vifungu vya mkataba. Alijua kwamba kanga, sabuni, baiskeli na madawa ya dukani yalifika, na mengi yalitoka Nairobi. Hapo ndipo palipokuwa na kidonda pia. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, na Tanzania na Uganda zililalamika kwamba zimegeuzwa soko. Idi Amin alipompindua Obote Januari 1971, Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na kikao cha wakuu wa nchi kikafa. Mapema mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisambaratika, Kenya ikaanzisha lake, na Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa tena Novemba 1983, karibu miaka saba baadaye, Jumuiya ikiwa imekwisha kuvunjika.

Miaka hiyo inafaa kukumbukwa na kila anayedhani ushirikiano ni mambo ya mawaziri. Vita vya Kagera dhidi ya Amin vilikula akiba ya nchi, fedha za kigeni zikakauka, sukari na sabuni vikawa bidhaa za foleni. Vijijini watu walivaa magunia. Mwaka 1983 serikali, ikiongozwa katika hilo na Waziri Mkuu Edward Sokoine, iliendesha msako dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, na bidhaa zilizofichwa zikatolewa maghalani. Lakini chini ya ardhi ya Kahama na Geita kulikuwa na fedha za kigeni zisizohitaji kibali cha benki. Dhahabu ilivuka kwenda Nairobi na Bujumbura, na kwa upande wa pili ikarudi kwa sura ya vitenge, redio, betri na vipuri. Serikali iliporuhusu mwaka 1984 watu waagize bidhaa kwa fedha zao bila kuulizwa wamezipata wapi, njia hiyo ya kificho ikawa nusu wazi.

Bulyanhulu iligunduliwa katikati ya miaka ya 1970, na kufikia miaka ya 1980 maelfu ya wachimbaji wadogo walikuwa wamejaa. Wenyeji huliita wimbi kama hilo rashi: habari inasambaa usiku, asubuhi kuna mahema ya turubai, mama ntilie, vinyozi, wauza tochi. Mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu ya wachimbaji kwa bei iliyokaribia ile ya soko la mitaani, na ghafla dhahabu ikaanza kuonekana kwenye vitabu vya serikali. Mpango huo ulidumu muda mfupi tu, lakini ulithibitisha jambo moja: mchimbaji hana uadui na serikali yake, ana hesabu. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kupisha kampuni ya kigeni, na mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Wengi wao walitawanyika kwenye vilima vya jirani, Segese ikiwemo.

Wakati huo Jumuiya ilikuwa inafufuka. Novemba 30, 1999, jijini Arusha, Benjamin Mkapa, Daniel arap Moi na Yoweri Museveni walitia saini mkataba mpya. Umoja wa forodha ulianza Januari 2005: bidhaa za nchi wanachama zipite bila ushuru, na bidhaa za nje zitozwe viwango vya pamoja. Rwanda na Burundi zilijiunga Julai 2007. Soko la pamoja likafuata Julai 2010.

Kwa mkulima wa Segese, katika tarehe zote hizo, ile ya Rwanda na Burundi ndiyo iliyobadili maisha.

Sababu ni mpunga. Zao hilo lililetwa Usukuma na wafanyabiashara wa pwani karne ya 19, na kwa muda mrefu lilikuwa chakula cha wageni na sikukuu. Zao la fedha lilikuwa pamba, iliyouzwa kupitia vyama vya ushirika. Bei ya pamba ilipoyumba na ushirika ulipodhoofika, wakulima waliongeza majaruba. Jaruba la Msukuma ni kazi ya mikono na ya akili: tuta la udongo linalozunguka kipande cha mbuga, linashika maji ya mvua, bila mfereji wala pampu. Mvua ikija vizuri, mpunga unakuja. Na upande wa pili wa mto Kagera kulikuwa na nchi mbili zenye watu wengi na ardhi ndogo, ambako ulaji wa wali ulikuwa unaongezeka mijini. Katika orodha ya ushuru wa pamoja mchele uliwekwa miongoni mwa bidhaa nyeti, ukitozwa asilimia 75 ukitoka nje ya Jumuiya. Mchele wa Pakistani au Thailand ulitozwa ushuru kabla ya kufika Kigali. Mchele wa Kahama uliingia bure.

Matokeo yake yanaonekana Kahama kila msimu wa mavuno. Mashine za kukoboa hunguruma tangu alfajiri, vumbi la pumba likitanda hadi barabarani. Mkulima aliyetoka kijijini na mpunga wake kwenye fuso anasubiri zamu, anatia kiganja ndani ya gunia, anasugua punje kati ya vidole viwili na kuzipuliza, kisha anauma moja kujua kama imekauka. Mnunuzi aliyetoka Rwanda, Burundi, Uganda au Congo anafanya vivyo hivyo, na mara nyingi wanaelewana kwa Kiswahili bila mkalimani. Makuli wanapandisha magunia kwa mgongo, mmoja baada ya mwingine, hadi turubai linafungwa. Kuna nyumba za wageni, gereji, wauza matairi, mabenki na mawakala wa fedha waliokuja mjini kwa sababu ya malori hayo. Mji huo ulikua haraka kuliko miji mingi mikongwe ya nchi hii, na ni dhahabu na mchele vilivyoukuza, hasa mchele, kwa kuwa mchele huwalipa watu wengi zaidi kidogo kidogo.

Njia yenyewe nayo ilifunguka. Isaka ikawa bandari kavu, mizigo ya Rwanda na Burundi ikishushwa kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye malori. Barabara ya Isaka, Kahama, Ushirombo, Nyakanazi hadi Lusahunga na Rusumo ikawa mshipa mkuu. Mapema mwaka 2008, vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipokata njia ya Mombasa na vituo vya mafuta vya Kigali na Kampala vikakauka, Rwanda ilijifunza kwamba nchi isiyo na bahari haipaswi kutegemea mlango mmoja. Pale Rusumo daraja la zamani lilipitisha gari moja moja. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha vilijengwa kwa msaada wa Japani, na Aprili 6, 2016 Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walivizindua. Lori ambalo zamani lilikaguliwa mara mbili, kila upande na karatasi zake, sasa linasimama mara moja. Mahali hapo hapo, maporomoko ya Rusumo yanaendesha mtambo wa megawati 80, unaogawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Lakini mchele hauna mahali pa kujificha, ndiyo maana kila ugomvi wa serikali unaishia juu yake. Mwaka 2013 ulikuwa mbaya. Tanzania ilikuwa imeruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru ili kushusha bei mijini. Majirani, Rwanda na Uganda miongoni mwao, wakaanza kutilia shaka kila gunia lililotoka huku, wakisema ni mchele wa Asia uliobadilishwa mfuko, na wakataka kuutoza asilimia 75 kama wa mgeni. Mkulima aliyelima mwenyewe jaruba lake akaambiwa athibitishe kwamba punje zake ni za Tanzania. Mwaka huo huo Tanzania ilipandisha tozo ya barabara kwa malori ya Rwanda kutoka dola 152 hadi dola 500 kwa safari, na Rwanda ikajibu kwa kipimo hicho hicho. Kenya, Uganda na Rwanda zikawa zinakutana peke yao kupanga reli na viza. Wenye malori wa pande zote mbili waliumia kwa ugomvi ambao hawakuuanzisha.

Tanzania nayo imefunga milango yake mara kadhaa. Mwaka 2011 ilizuia mahindi yasitoke. Juni 2017, kwenye Baraza la Idi mjini Moshi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza tena kwamba nafaka zisivushwe, atakayetaka asage kwanza na kuuza unga. Nia ya kulinda chakula na viwanda inaeleweka. Aliyebeba gharama, hata hivyo, ni mkulima aliyekwisha kuvuna, ambaye aliamka asubuhi na kukuta mnunuzi wake wa jana hana ruhusa ya kununua. Machi 2021 ikawa zamu ya Kenya: ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ikalegeza baada ya siku chache. Mei mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi, na mambo mengi yaliyokwama mipakani yakaanza kufunguliwa. Amri inayotangazwa baada ya mavuno, kwa nia yoyote ile, ni kodi kwa mtu aliyeshika jembe. Hilo linafaa kusemwa wazi.

Dhahabu ilikuwa na hadithi tofauti. Kufikia mwaka 2018, mchimbaji mdogo aliyeuza kihalali alikabiliwa na mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi ya asilimia 1, kodi ya zuio asilimia 5 na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18. Katika dhahabu ya shilingi milioni 10, hizo mbili za mwisho peke yake zilifika milioni 2.3. Nchi jirani zilitoza kidogo sana. Uganda, yenye migodi michache ya dhahabu, iliona dhahabu ikipanda hadi kuwa bidhaa yake ya kwanza kwa mauzo ya nje. Haikuchimbwa yote Uganda. Ndani ya Jumuiya moja yenye ushuru wa pamoja wa mchele, sukari na saruji, kila nchi ilibaki na kodi yake ya dhahabu, na dhahabu ikateremka kama maji kuelekea palipo chini.

Februari 2018, katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, maofisa wa Kenya walikamata kilo 35.34 za dhahabu iliyotoka Tanzania. Januari 2019, huko Mwanza, kilo zaidi ya 300 zilikamatwa, na baadhi ya walioshitakiwa walikuwa askari polisi waliotakiwa kuzilinda. Mwezi huo huo Magufuli aliwaita wachimbaji Dar es Salaam na kuwasikiliza. Bunge likaondoa kodi zile mbili, ya zuio na ya ongezeko la thamani. Machi 17, 2019, Majaliwa alifungua soko la dhahabu la Geita, na masoko mengine, la Kahama likiwemo, yakafuata. Sasa masoko ya madini nchini ni zaidi ya 40.

Ndani ya soko kazi ni ya utulivu. Mchimbaji anafika na kitonge chake, kilichopitia karasha ya kusagia mawe, mwalo wa kuoshea na zebaki, kikachomwa hadi kikawa na rangi ya ukindu mkavu. Ofisa wa Tume ya Madini anakiweka kwenye mizani, namba zinasimama mbele ya macho ya wote, kisha kinapimwa usafi wake. Bei ya siku imeandikwa ubaoni. Masoko yalipoanza, katika milioni 10 serikali ilichukua laki saba, na halmashauri ilipata 0.3 kwa mia, yaani shilingi elfu 30. Mwenye duara, mwenye leseni na vijana walioshuka chini wanagawana kilichobaki. Kabla ya masoko haya mnunuzi alikuja na mizani yake mfukoni, na mchimbaji hakuwa na la kuuliza.

Julai 2019 Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alimtembelea Magufuli nyumbani kwake Chato, mkoani Geita. Julai 24, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, Monica Juma, alifika Ikulu Dar es Salaam na kumkabidhi Magufuli zile kilo 35.34. Hakuna kifungu cha umoja wa forodha kilichoilazimisha Kenya kufanya hivyo. Ilikuwa hiari ya majirani wawili, na kwa ukanda wa Kahama na Geita ilikuwa habari kubwa: dhahabu iliyokimbia ilirudi.

Tangu hapo mambo yamekwenda haraka. Mwaka 2021 kiwanda cha kusafishia dhahabu kilizinduliwa Mwanza, chenye uwezo wa kilo 480 kwa siku, Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) likiwa mbia. Mwaka huo huo Uganda ilijaribu kutoza asilimia 5 kwa dhahabu iliyosafishwa, wauzaji wakasimamisha mauzo, na baadaye ikashuka hadi dola 200 kwa kilo. Kwa bei za miaka hiyo, dola 200 kwa kilo haifiki hata nusu ya asilimia moja. Oktoba 2024 Tanzania ilianza kuwataka wachimbaji na wafanyabiashara watenge asilimia 20 ya dhahabu yao kwa ajili ya kuuzwa Benki Kuu. Tofauti ya tozo kati ya nchi hizi bado ipo, na kila brokeri anaijua kwa kichwa.

Julai 11, 2022, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya. Nchi ya Bunkeya, ambako Msiri, Msumbwa, alijenga ufalme kwa biashara ya masafa marefu, ikarudi katika soko moja na Usumbwa, karibu miaka 131 baada ya kifo chake. Vita vya mashariki ya Congo vimechelewesha faida, na malori ya mchele yanayokwenda Goma na Bukavu yanapita kwa hofu.

Kisha Julai 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15. Mbili kati ya hizo zinagusa Segese moja kwa moja: uchimbaji mdogo wa madini, na ununuzi wa mazao shambani. Kenya ililalamika kwamba amri inapingana na soko la pamoja. Kijijini kuna sababu ya kuiunga mkono, kwa kuwa mgeni mwenye fedha nyingi anayenunua mpunga ukiwa bado jarubani humkuta mkulima wakati wa njaa na kumpa bei ya njaa. Lakini amri hiyo itamsaidia mkulima pale tu ambapo mnunuzi wa Kigali anaendelea kufika sokoni Kahama bila woga, kwa sababu ni ushindani wake unaopandisha bei. Akiacha kuja, mchele utabaki, na bei itapangwa na wachache.

Kwa mchele, Jumuiya imemlipa mkulima wa Msalala kila mara mipaka ilipokaa wazi kwa misimu miwili mitatu mfululizo. Kwa dhahabu bado haijafanya kazi yake. Mawaziri wa nchi hizi hukutana Arusha mara kwa mara, na waliweza kukubaliana kiwango kimoja cha mchele unaotoka nje. Tunawaomba wakae wakubaliane pia kiwango kimoja cha mrabaha wa dhahabu, na amri yoyote ya kuzuia mazao itangazwe kabla ya Novemba, wakati mkulima wa Segese bado hajamwaga mbegu jarubani.